Jagi Kando ya Kila Kitanda

Saa moja asubuhi jua limeshatokea upande wa Kisumu mjini na mabati ya wodi yameanza kulialia kwa joto. Muuguzi Rehma Hemedi anasukuma mlango kwa kiwiko, anawasalimu kina mama wote kwa pamoja, kisha anaelekea kitanda cha kwanza. Hamgusi mtu. Anakunja mikono ya sare yake hadi juu ya viwiko, anasimama na kungoja.

Bibi mmoja aliyekuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka anajizoazoa. Anachukua jagi la plastiki la kijani, anasogeza beseni kwa mguu, na kumimina maji polepole. Rehma anajipaka sabuni, anasugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Bibi anamimina tena. Muuguzi anaipunga mikono hewani ikauke, ndipo anapofunua khanga na kukitazama kitovu cha mtoto aliyezaliwa jana, ambaye nywele zake bado zimelala kichwani kama zimechanwa.

Kitanda cha pili kina bibi mwingine na jagi jingine. Kitanda cha tatu, dada ya mzazi amesahau jagi nyumbani, kwa hiyo anamimina kwa kopo la mafuta ya kupikia. Hivyo hivyo mpaka kitanda cha nane. Mgeni asiyejua angedhani ugali uko njiani.

"Hata mimi nikikaa nikifikiria huwa nacheka," anasema Rehma, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. "Nimesoma uuguzi, nikapewa cheti. Lakini kunawa mikono nimefundishwa na watu wanaoogopana."

Maneno hayo yanahitaji maelezo, na maelezo yake ni marefu kidogo.

Kituo cha afya cha Nyakado kiko ufuoni, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Kisumu barabara ikiwa kavu. Mvua ikinyesha hakuna anayeweza kusema ni mwendo wa saa ngapi. Kina wodi moja ya kujifungulia. Kwenye pembe ya wodi hiyo kuna sinki jeupe lenye bomba la kupendeza, na juu yake kumebandikwa picha ya mikono miwili yenye povu na maneno: Nawa Mikono Yako.

Bomba hilo halijatoa maji tangu pampu iharibike mwaka 1987. Sinki limegeuzwa kabati. Ndani yake kuna pamba, makopo matupu ya maziwa, na redio ya mlinzi.

Maji ya kituo huletwa na mkokoteni kutoka kisimani, mitungi kumi na miwili kwa siku, na hiyo ni siku njema. Yanatumika kuogesha wazazi, kufua shuka, kupika uji na kuchemsha vifaa. Glavu ni za kuzalishia tu, nazo huchemshwa zikatumika tena. Sabuni ilikuwa ikifungiwa kwenye kabati la Sista Dorca, mkuu wa wodi, kwa sababu ikiachwa nje jioni, asubuhi haipo.

Rehma alizaliwa Kaloleni, mjini Kisumu, katika nyumba za baraza la mji. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mwana wa watu waliofika Kisumu kwa biashara tangu enzi za reli wakaoa na kukaa. Nyumba yao haikuishiwa wageni. Kukiwa na maulidi, arusi au matanga, kazi ya Rehma ilikuwa moja: kuzunguka na birika na beseni, kunawisha watu kabla ya chakula.

Anakumbuka alivyofundishwa na mama yake. Anza na mkubwa. Usimwangalie mtu usoni. Usiondoke mpaka atoe mikono yeye mwenyewe.

Alipohitimu na kuletwa Nyakado, mwaka 1979, alikuja na bidii ya mwanafunzi. Maji ya bomba yalikuwapo wakati ule. Alinawa kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Wenzake walimtazama. Wagonjwa walikuwa wamepanga foleni hadi nje, na kila aliponyanyuka kwenda kwenye sinki foleni ilisimama.

Siku moja Sista Dorca alimwuliza, mbele ya wote, kama anahudumia watu au anaoga. Walicheka, na yeye akacheka. Anasema hakuna aliyemkataza kunawa, ni vile tu alianza kuona haya.

"Mwezi haukuisha, nilikuwa kama wao," anasema. "Ukifika mahali ukakuta watu wazima hawafanyi kitu, na ni watu wazuri, wanakupenda, wanakugawia chakula chao, utaanza wewe kuwa mwenye kujitia msafi? Kisha pampu ikafa. Basi tukapata na sababu."

Si haki kumtaja Sista Dorca Awuor bila kueleza yeye ni nani. Ni mkunga wa miaka mingi, mrefu, mkavu, mwenye mikono ambayo ufuo mzima unaizungumzia. Amezalisha wanawake, kisha akazalisha mabinti zao. Kuna wanawake waliotoka mbali, huko Port Victoria, wakapita vituo viwili vya afya ili mikono hiyo iwapokelee mtoto. Kumwambia mtu kama huyo kwamba mikono yake ni michafu ni sawa na kumtukana mama yako mezani.

Na kwa sababu Sista alitoka kitanda hadi kitanda bila kunawa, kila aliyemfuata alifanya hivyo hivyo, na wanafunzi waliokuja mazoezini walijifunza hivyo.

Mwaka 1992 watoto walianza kurudi. Mama huondoka na mtoto mzima, anayenyonya vizuri, na baada ya siku chache anarudi naye akiwa wa moto, kitovu kimevimba na kutoa usaha. Wengine walipona kwa sindano. Wengine walipelekwa Kisumu.

Mtoto wa Milka Anyango hakuwahi kufikishwa Kisumu. Alikuwa wa kike, wa kwanza kwa mama yake, ambaye huuza omena, dagaa wa ziwani, pale ufuoni. Rehma ndiye aliyempokea mlangoni siku aliporudishwa, na ndiye aliyemfunika.

"Milka hakulia pale," anasema. "Aliniuliza tu, 'Sista, nilikosea wapi? Nilifanya yote mlisema.' Nilimwambia ni kazi ya Mungu. Lakini nilikuwa natazama mikono yangu."

Maneno yalisambaa ufuoni. Wapo waliosema wodi ina jicho baya. Wapo waliosema maji ya kisima yameharibika. Wanawake walianza kujifungulia nyumbani, na wale waliokuja walikuja wakiwa wamechelewa. Ilifika wiki ambayo vitanda sita kati ya vinane vilikuwa wazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 afisa mmoja alitumwa kutoka makao makuu ya wilaya. Alizunguka wodi, akatazama sinki, akaitazama picha iliyo juu yake kwa muda mrefu. Kisha akawaita wafanyakazi wote. Aliwaeleza kwa upole kwamba kama baada ya mvua za masika watoto watakuwa bado wanarudi na vitovu vibovu, wodi itafungwa, na wazazi wote wa upande ule watajifungulia Kisumu.

Kila aliyekuwa katika chumba kile alijua maana yake. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu mwezi wa Aprili, barabara ikiwa tope, asingefika Kisumu. Angejifungua njiani au angebaki nyumbani. Kufungwa kwa wodi kusingewaokoa watoto, kungewaondoa tu kwenye hesabu ya kituo.

Afisa huyo alipendekeza muuguzi mmoja apelekwe semina mjini. Rehma ndiye aliyechaguliwa, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa Kaloleni na asingehitaji mahali pa kulala.

Semina ilikuwa ya siku mbili, katika ukumbi wa hoteli moja. Ilihusu usafi wa mikono kazini. Walioneshwa picha za vijidudu, wakachora michoro, wakajibu maswali, wakapigiwa makofi. Rehma alijibu vizuri kuliko wengi. Hakuna kilichosemwa pale ambacho hakukijua tangu chuoni, na alipowatazama wenzake aliona kwamba nao wanakijua chote.

Ila kuna jambo alilitambua mchana wa siku ya pili, na hilo hakufundishwa na mtu. Chai ya saa nne ililetwa na mandazi. Watu wa semina ya kunawa mikono waliinuka, wakachukua mandazi, wakala. Maliwato yalikuwa hatua chache tu kutoka pale, yana maji na sabuni. Hakuna aliyekwenda, na Rehma mwenyewe hakwenda.

Kisha chakula cha mchana kikaletwa, samaki na ugali, na msichana wa hoteli akaingia na jagi na beseni. Mwalimu wa semina alikuwa katikati ya maneno. Bila kunyamaza, bila hata kumwangalia yule msichana, alinyosha mikono yake. Akafuata aliyekaa karibu naye, na aliyefuata, mpaka meza nzima ikawa imenawa.

"Niliacha kula," anasema Rehma. "Nikajiambia, hapa hakuna mtu hajui kunawa. Tunanawa sana. Lakini mpaka mtu asimame mbele yako na maji. Sisi hatuendi kwenye maji, maji ndiyo hutujia."

Aliporudi Nyakado hakuhutubia mtu. Alipita sokoni akanunua jagi na beseni. Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya mzunguko wa wodi, alisimama mlangoni na jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, na taulo begani, kama alivyosimama katika arusi za Kaloleni alipokuwa na miaka tisa.

Sista Dorca akaja. Nyuma yake walikuwa tabibu wa kituo, Bwana Oketch, ambaye kila mtu humwita daktari, na muuguzi kijana Lornah, aliyekuwa ametoka chuoni mwaka uliopita. Rehma aliinama kidogo na kusogeza beseni mbele ya Sista. Hakumwangalia usoni.

Kama Sista angemwuliza maana ya mchezo ule, jibu lolote la Rehma lingekuwa matusi.

Sista Dorca alilitazama jagi. Akamtazama mtu anayemkaribisha kwa adabu, na Sista ni mwanamke wa ufuoni aliyelelewa vyema. Akanyosha mikono.

Baada yake, Bwana Oketch asingeweza kukataa. Wala Lornah.

Jina lilimpata Rehma siku ile ile. Wafanyakazi wa jikoni walimwita mke mdogo wa wodi. Walimwuliza kama daktari atahitaji na maji ya kuoga. Mlinzi alimwomba, kwa heshima zote, amnawishe kabla hajawasha redio. Rehma aliwanawisha wote, hata mlinzi, ambaye aliona haya akakimbia.

Aliyeumia ni Lornah. Alimwita Rehma kando, akamwambia wazi kwamba yeye hakusomea uuguzi ili awe anashika beseni, na kwamba siku Rehma akiwa likizo asimtegemee. Alisema wanaume wameletewa maji na wake zao na mama zao maisha yao yote, na sasa hata hospitalini. Rehma alikubali kwamba maneno hayo yana ukweli. Aliendelea kumimina.

Masika yakaingia. Kila asubuhi watu wote wa zamu walinawa mlangoni, kwa sabuni, mbele ya macho ya wazazi. Sista Dorca alianza kufungua kabati lake mwenyewe na kutoa kipande cha sabuni bila kuombwa.

Na watoto wakaendelea kurudi.

Walirudi wawili katika mwezi wa Machi, na wengine watatu Aprili ilipofika katikati. Hakuna aliyekufa, lakini vitovu vilikuwa vile vile, vyekundu, vyenye usaha. Jikoni walisema mke mdogo amejisumbua bure. Bwana Oketch, ambaye hakuwahi kuupenda mchezo wa mlangoni, alisema labda tatizo ni shuka, au wembe, au uchafu wa nyumbani kwa wazazi.

"Nilitaka kuiacha ile jagi," anasema Rehma. "Nilijiambia, nimemwinamisha Sista, mama wa watu, mbele ya wazazi, na sijamwokoa hata mtoto mmoja."

Kosa lilikuwa wazi, lakini halikuonekana, kwa sababu kila mtu wa pale angelifanya. Mtu anaponawa kabla ya chakula, ananawa mara moja. Hanyanyuki katikati ya ugali kwenda kunawa tena. Wauguzi walinawa mlangoni, wakajiona wamekwisha kunawa, wakaingia kwenye vitanda vinane kwa mikono ile ile. Ulichokiokota mkono kitanda cha pili, ulikigawa mpaka cha nane.

Aliyelifichua kosa hilo hakuwa na nia ya kulifichua. Anaitwa Agneta, ni bibi, na wodini wanamwita Dani, kama Wajaluo wanavyomwita nyanya yao. Alikuwa amekuja kumwuguza mke wa mwanawe katika kitanda cha tano.

Kitanda cha nne kilikuwa na mzazi wa nyumba nyingine ya kijiji kile kile. Nyumba hizo mbili hazisalimiani. Waligombana zamani kuhusu nyavu zilizokatwa ziwani, na tangu hapo hawali pamoja, hawazikani, na watoto wao wakikutana njiani kila mmoja hutazama upande wake. Sasa uzazi ulikuwa umewalaza wake zao bega kwa bega, na katikati yao nafasi ya kupitisha mtu mmoja.

Dani Agneta hakulala vizuri siku mbili hizo. Aliitundika khanga kati ya vitanda. Alimgeuza mtoto ukutani.

Asubuhi ya siku ya tatu Rehma alimaliza kitanda cha nne. Alikuwa amekikagua kitovu cha mtoto, amemsaidia mama yake kumweka kwenye titi, na sasa akageukia cha tano huku mikono imetangulia. Dani akasimama mbele yake.

"Unaenda wapi na hiyo mikono?"

Rehma akamjibu kwamba anakuja kumtazama mjukuu, na kwamba ameshanawa pale mlangoni, Dani mwenyewe amemwona.

"Ulinawa ya kwenda kwa hao," Dani akasema, akielekeza kidevu kwenye khanga. "Umekula kwa hao. Sasa unakuja kwangu na mikono ya kwa hao? Kwani mimi sina maji?"

Akapita, akaenda hadi mlangoni, akalichukua jagi la Rehma na beseni lake, akarudi nayo, na kusimama kando ya kitanda cha mke wa mwanawe kama mwenye mji anayepokea mgeni.

Upande wa pili wa khanga, ndugu wa mzazi wa kitanda cha nne akauliza kwa sauti kama wao wana ukoma. Dani akajibu kwamba hajamtaja mtu. Wodi nzima ilicheka, hata mzazi wa kitanda cha nane aliyekuwa ameshonwa, ambaye aliomba wamwonee huruma wasimchekeshe.

Rehma hakucheka. Alinyosha mikono akanawa. Anasema maji yalipokuwa yakimwagika aliyatazama yakiingia ndani ya beseni, yana rangi, na alijua yametoka wapi.

"Dani alikuwa anaogopa jicho," anasema. "Mpaka leo ndivyo anasema, kwamba mimi ningemletea jicho la wale watu. Mimi nasema ni usaha. Hatujawahi kubishana. Tunachoogopa si kimoja, lakini kinatoka kwa maji hayo hayo."

Kesho yake yule ndugu wa kitanda cha nne naye alikuwa na jagi. Alisema kama wengine wana maji yao, naye ana yake. Alimngoja Rehma kwa hasira, na alimmiminia maji mengi zaidi ya yale ya Dani, hadi sakafu ikalowa. Rehma alimshukuru. Kisha akapita kitanda hadi kitanda na kuwaomba ndugu wa kila mzazi wamfanyie hivyo hivyo: kila kitanda kiwe mji wake, na muuguzi awe mgeni anayefika.

Jambo hili lilitatua mengine ambayo Rehma hakuyafikiria. Maji yaliacha kuwa ya kituo. Ndugu wa mzazi alipokuja asubuhi alikuja na mtungi, kwa sababu mwenye mji haombi maji ya kunawisha mgeni. Sabuni haikuibwa tena, kwa kuwa kila kipande kilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amekilalia. Na Lornah hakushika beseni. Alimiminiwa yeye, na hakulalamika. Alianza hata kunyosha mikono kabla ya kuambiwa.

Bwana Oketch ndiye aliyechelewa kukubali. Alisema anapoteza muda. Asubuhi moja, akiwa na haraka ya kwenda mkutanoni, alitoka kitanda cha pili na kumshika mtoto wa kitanda cha tatu moja kwa moja, bila kunawa. Mwanamke aliyekuwa na jagi, mama wa watoto sita kutoka upande wa Muhoroni aliyekuja kumwuguza dada yake, hakupaza sauti.

"Daktari, nyumba yetu imekukosea nini?" akauliza.

Bwana Oketch alimrudisha mtoto kitandani, akanawa. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kuhusu siku hiyo, alicheka na kusema kwamba angeweza kubishana na mkuu wa wilaya kuhusu vijidudu na akashinda, lakini swali lile halina jibu.

Afisa wa wilaya alirudi mwezi wa Julai, masika yakiwa yamekwisha. Alikuta vitanda vyote vimejaa, na mzazi mmoja amelazwa kwenye godoro chini. Aliambiwa kwamba tangu Mei alikuwa ameonekana mtoto mmoja tu mwenye kitovu kibovu, naye alizaliwa nyumbani akaletwa baadaye. Aliuliza ni dawa gani wametumia. Sista Dorca ndiye aliyemjibu. Alimtaka akunje mikono ya shati.

Wodi haikufungwa.

Afisa huyo ni mtu mwangalifu. Anasema huenda kuna sababu nyingine pia: mwaka huo kituo kilipata spiriti ya kutosha na nyembe mpya, na watu walikuwa macho zaidi. Hataki kusema kwamba jagi pekee ndilo lililofanya kazi. Rehma hambishii. Ila anauliza, spiriti ilipokuwapo zamani, ilipakwa kwa mikono gani?

Milka Anyango alijifungua tena Novemba iliyopita, mtoto wa kiume. Alikuja mapema, siku mbili kabla ya uchungu, akachagua kitanda kilicho karibu na dirisha. Mama yake alikaa na jagi mapajani usiku na mchana, na hata mlinzi alipoingia kuuliza saa alitakiwa kunawa. Mtoto aliondoka wodini siku ya nne akiwa na kitovu kikavu. Siku hizi yuko ufuoni, mgongoni kwa mama yake, anatazama omena zikianikwa.

Mtaro wa bomba jipya umefika barabarani. Mafundi wanasema mwaka huu au mwaka ujao sinki litatoa maji. Wafanyakazi wa kituo wamefurahi, na Rehma amefurahi pamoja nao, kwani mgongo wa mtu anayebeba mitungi si wa chuma. Hata hivyo ameshamwomba Sista Dorca jambo moja, kwamba maji yakija majagi yabaki vitandani. Bomba, anasema, linakaa pembeni kwake. Ukilipita halikuulizi limekukosea nini.

Sista amekubali. Yeye anastaafu mwakani, na wodi itabaki mikononi mwa Rehma.

Kabla ya hapo kuna jambo analolingoja. Binti yake, Safia, aliyeolewa Kisumu mjini, ana mimba ya miezi saba. Mume wake ana gari la kukodi na hospitali kubwa iko hatua chache kutoka nyumbani kwao. Mwezi uliopita Safia alimwambia mama yake kwamba atajifungulia Nyakado. Rehma alimtajia barabara, mvua, na kukosekana kwa umeme. Safia akajibu kwamba ameshayafikiria yote.

Sheria ya kituo haimruhusu muuguzi kumhudumia binti yake mwenyewe. Rehma anaijua, na ameomba likizo ya wiki hiyo. Lornah ndiye atakayekuwa zamu.

"Sitavaa sare," anasema, akishusha mikono ya sare aliyoikunja tangu asubuhi. "Nitavaa buibui langu nikae chini kwa mkeka, kama nyanya ya mtu. Lornah nampenda, na kazi anaijua. Lakini nitakuwa na maji, na nitakuwa nimekaa kati yake na mjukuu wangu."